Mazungumzo ya Nyumbani: Sauti za Ndege na Raha ya Nafsi



Mwezi huu tumeletewa barua na mama mmoja wa hapa pwani, nasi tumeona jawabu lake yafaa lisomwe na nyumba nyingi. Asema kwamba mwanawe, kijana wa miaka 19, tangu alipoikosa kazi aliyoitarajia hana raha tena. Usiku halali, mchana hujifungia chumbani na simu yake, na akisemeshwa hujibu kwa ukali, au huwadhania watu kwamba wanamcheka. Bibi yake kijana ametoa shauri apelekwe shamba akae siku kadha, aamke alfajiri akae nje asikilize ndege, kwani ndivyo wazee walivyokuwa wakipoza roho zao. Baba yake amecheka, akasema ndege si dawa. Mama, ambaye yuko baina ya wawili hawa, atuuliza: je, maneno ya bibi yana asili, au ni faraja za watu wa zamani tu?

Jawabu letu ni kwamba bibi amesema kweli kwa sehemu kubwa, na baba naye hakukosa kabisa. Tutaeleza kweli ya kila mmoja ilipo.

Na tuanze na bibi. Katika mwaka 2022 wataalamu wa King's College London walitoa khabari za uchunguzi walioufanya tangu Aprili 2018 hata Oktoba 2021. Watu 1,292 walikubali kuweka katika simu zao programu iitwayo Urban Mind, nayo ikawa ikiwauliza mara kadha kwa siku: sasa hivi uko wapi? Je, waona au wasikia ndege? Na nafsi yako i hali gani? Majawabu yaliyokusanywa yalifika 26,856. Walipoyapima waliona kwamba mtu akiwa amesikia au ameona ndege, hali ya nafsi yake huwa njema zaidi kuliko asipowasikia, na wema huo waweza kudumu hata kiasi cha saa 8. Wakaangalia tena wasije wakawa wamedanganyika, kwani penye ndege aghlabu pana miti na maji, na huenda raha ikawa imetoka huko. Lakini hata walipoitenga miti na maji katika hesabu zao, ndege walibaki na athari yao. Na jambo lililotufurahisha sisi zaidi ni kwamba faida hiyo haikuwa ya wazima peke yao. Waliipata pia wale waliokwisha kuambiwa na matabibu kuwa wana ugonjwa wa sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka.

Mwaka ule ule wa 2022 ikatoka khabari ya pili, kutoka taasisi ya Max Planck ya mjini Berlin, na hii ndiyo inayomhusu kijana wetu khasa. Watu 295 walisikilizishwa sauti zilizorikodiwa kwa muda wa dakika 6 tu. Wengine walipewa sauti za ndege, wengine mngurumo wa magari ya barabarani. Waliosikia ndege walipungukiwa na wasiwasi, na walipungukiwa pia na dhana mbaya, yaani ile hali ya mtu kuwaona wenziwe kana kwamba wanamnong'ona na kumkusudia shari. Ikawa hivyo hivyo kwa waliosikia ndege wa namna mbili tatu na kwa waliosikia wa namna nyingi. Waliosikia magari, huzuni yao iliongezeka. Dakika 6, ndugu zetu! Wengi wetu twakaa zaidi ya hizo tukingoja chai ichemke.

Lakini sasa tumpe baba haki yake. Katika uchunguzi huo wa Berlin sauti za ndege zilipunguza wasiwasi na dhana, lakini huzuni yenyewe hazikuipunguza kwa kiasi kikubwa. Na watu wale walikuwa wazima, si wagonjwa. Basi kijana ambaye kwa muda wa wiki mbili au zaidi halali, hali vizuri, hapendi chochote alichokuwa akikipenda, huyo si wa kupelekwa shamba tu. Huyo apelekwe kwa daktari. Na akitamka maneno ya kujitakia mauti, apelekwe siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Twajua kuna nyumba zinazoona haya kumpeleka mtu hospitali kwa maradhi ya nafsi, ilhali kwa maradhi ya tumbo humkimbiza. Haya hiyo haina maana. Shamba na daktari havigombani. Ampeleke kwa daktari, na akirudi amweke penye ndege.

Tena yafaa tuseme kwa uadilifu kwamba shauri la bibi lina mengi ndani yake kuliko ndege. Kijana akienda shamba atalala mapema, kwa kuwa hakuna cha kumkesheza. Atatembea kwa miguu. Atakuwa na bibi yake wa kuzungumza naye. Na simu, penye mtandao dhaifu, itampumzisha kwa lazima. Hatuwezi kusema raha atakayoipata ni ya ndege kiasi gani na ya usingizi kiasi gani. Walakini wazee hawakuwa na haja ya kuyagawa mafungu hayo, na mgonjwa pia hana haja hiyo.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini sauti ya kiumbe mdogo kama huyo, ambaye wala hatujui anenalo, iwe na nguvu juu ya mwanadamu? Wataalamu wawili wa Marekani, Stephen na Rachel Kaplan, mtu na mkewe, waliokuwa wakisomesha katika Chuo Kikuu cha Michigan, walieleza kwamba akili ina namna mbili za kuangalia. Moja ni ya kujilazimisha, kama mtu anayefanya hesabu au anayeendesha gari katikati ya mji. Hii huchoka, na ikichoka mtu huwa mkali na msahaulifu. Ya pili ni ile ya kuvutwa kwa upole na kitu bila ya taabu, kama mawingu yapitayo au majani yatikisikayo, na wakati hii inapofanya kazi ile ya kwanza hupumzika. Ndege ni wa namna hii ya pili. Humsikiliza bila ya kuamriwa, na akinyamaza hudaiwi kitu. Wako pia wanaodhani kwamba tangu zamani mwanadamu amezoea kuwa ndege wakilia pana salama, na wakinyamaza ghafula pana nyoka au mnyama mkali. Hii ni dhana ya wataalamu, si jambo lililothibiti, lakini mtu yeyote aliyelelewa shamba aujua ule ukimya wa ghafula wa vichakani, na jinsi mwili unavyosisimka kabla ya akili kujua sababu.

Wala si kila ndege aletaye raha. Katika mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, waliwahoji watu 20 juu ya sauti za maumbile, na sauti iliyotajwa zaidi kuwa yaburudisha ni ya ndege. Lakini wale wenye sauti za kukwaruza na za ukali, kama jamii ya kunguru, hawakusifiwa. Hapo sisi watu wa pwani hatuna haja ya kuambiwa na Mwingereza.

Na maadamu tumemtaja kunguru, tukae naye kidogo, kwani khabari yake yahusu sana mambo haya. Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivujivu, ajaaye katika majalala ya Unguja, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, si mwenyeji wetu. Asili yake ni Bara Hindi, naye aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale takataka za mji. Takataka hakuzimaliza, kama tuonavyo, bali alizaana na kuenea pwani yote, na Mombasa amejulikana tangu 1947. Huyu hula mayai na makinda ya ndege wadogo, huwafukuza kwenye viota vyao, na mahali alipotawala, sauti za shore na chozi na mnana hupungua mwaka hata mwaka. Mwezi Juni 2024 wakuu wa wanyamapori wa Kenya walitangaza azimio la kuwaondoa kunguru wapatao milioni 1. Hilo ni la serikali. La nyumbani ni jepesi zaidi nalo latosha kuanza nalo leo: matumbo ya samaki na mabaki ya chakula yasitupwe wazi. Kunguru hakai mahali asipolishwa. Mama anayefunika pipa lake la taka anawalinda ndege wa mwembeni, hata kama hajui.

Turejee kwa ndege wenye sauti njema. Sisi tunaoamka kwa adhana ya alfajiri tumepewa saa ya kuwasikiliza bila ya gharama, kwani kati ya swala hiyo na kuchomoza kwa jua ndipo ndege wanaposema zaidi kuliko saa nyingine zote. Kwanza jogoo, ambaye Mtume wetu s.a.w. alikataza asitukanwe, kwa kuwa huamsha watu kwa swala. Kisha tetere na hua, shore juu ya mpapai, chiriku asiyenyamaza, ambaye jina lake tumelifanya tusi la watu wenye maneno mengi, na huko kichakani dudumizi, ambaye wakulima humtegea sikio kwa khabari ya mvua. Yuko pia ndege wa vichakani, mweusi juu na mweupe chini, ambaye dume na jike hulia kwa kupokezana, mmoja akianza na mwenziwe akimaliza, upesi na barabara hata msikilizaji hudhani ni ndege mmoja. Katika nchi za baridi wanaolia aghlabu ni madume, wakitafuta wake na kulinda mahali pao, nayo ni miezi michache tu ya mwaka. Katika nchi zetu za joto majike wengi pia hulia, na hapana mwezi wa kimya kabisa.

Sauti hizo hazitoki kooni kama zetu. Ndege ana chombo chake chini kabisa, pale njia ya pumzi inapogawanyika kwenda katika mapafu mawili, na baadhi yao waweza kutoa sauti mbili kwa wakati mmoja, moja kila upande. Na zaidi ya hayo, ndege wengi waliao vizuri hawakuzaliwa wakijua, hufundishwa. Bwana W. H. Thorpe wa Cambridge alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba kinda aliyelelewa peke yake bila ya kuwasikia wakubwa hutoka na sauti ya ovyo, isiyofanana na ya wenziwe. Kinda husikiliza kwanza, kisha hujaribu kwa kugugumiza, kisha hujisahihisha mpaka ainyoshe. Sisi ambao umri wetu wote umepita tukisikia watoto wakigugumiza alifu na be, tuliposoma hayo tulicheka peke yetu. Na tuliposoma khabari ya mwaka 2021 hatukucheka. Huko Australia yuko ndege mmoja, mweusi na manjano, anywaye asali ya maua, ambaye idadi yake imepungua mpaka wamebaki mia chache tu. Wataalamu wa chuo kikuu cha huko waliona kwamba baadhi ya madume vijana wa ndege hawa hawaijui tena sauti ya kabila lao. Hulia sauti za ndege wengine, kwa sababu wamekua mahali ambapo hapana mkubwa wao wa kuwafundisha. Na dume mwenye sauti ngeni huwa vigumu kupata mke.

Kupungua huku si kwa Australia tu. Marekani ya Kaskazini imepoteza karibu ndege bilioni 3 tangu 1970, kwa hesabu iliyotolewa 2019, na uchunguzi mwingine wa 2021, uliotazama mahali zaidi ya 200,000 katika Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ulionyesha kwamba sauti za asubuhi za huko zimekuwa hafifu na chache kuliko miaka 25 iliyotangulia. Kelele zetu nazo zawaudhi. Huko Leiden, Uholanzi, ilionekana mwaka 2003 kwamba ndege wa mitaa yenye kelele hulazimika kuinua sauti zao ziwe nyembamba zaidi ili wasikike juu ya mngurumo wa magari.

Basi nyumba zetu zifanye nini? Tutataja yale tuliyoyaona yenyewe.

Katika chuo kimoja tukijuacho palikuwa na ugomvi juu ya mwarobaini ulioko uani. Mnana wamejenga humo, na kwa kweli huchafua baraza, na watoto hunyanyua macho wakati wa somo. Wengine katika kamati walitaka ukatwe, pajengwe banda la vyombo. Sisi tulisema usikatwe. Kuchafuka kwa baraza ni kazi ya fagio, na mtoto anayenyanyua macho dakika moja akamwona mnana akisuka kiota chake hurejea kwenye ubao wake akili yake imepumzika. Tumeliona hilo kwa macho yetu kabla ya kulisoma kwa wataalamu. Mpaka tunapoandika haya kamati haijakata shauri. Wenye mamlaka ya nyua na misikiti twawaomba wafikiri kabla ya kuleta shoka, kwani banda hujengwa kwa wiki mbili, na kivuli cha mwarobaini hungojwa miaka.

Vijana wetu wenye manati na ulimbo, twawaomba watusikilize kwa wema. Mmesomeshwa khabari ya yule ndege ambaye masahaba walichukua makinda yake, naye akawa akipapatika juu yao, mpaka Mtume s.a.w. alipouliza ni nani aliyemhuzunisha huyu kwa wanawe, akaamuru warudishwe. Kumpiga shore kwa jiwe ili kuonyesha shabaha si mchezo. Kama mnataka shabaha, kopo tupu juu ya ukuta latosha.

Juu ya kufuga ndege tunduni, maana tumeulizwa mara nyingi: wanavyuoni wengi wamelijuzisha, kwa sharti alishwe, anyweshwe, wala asiteswe, na hoja yao moja ni kile kindege cha Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, ambacho kilipokufa Mtume s.a.w. alimliwaza mtoto kwa kumwuliza kwa upole khabari zake. Sisi hatumharimishi mtu kitu alichohalalishiwa. Lakini twasema ndege wa porini aliyenaswa jana na kuuzwa leo sokoni huwa amejaa hofu, na wengi wao hufa, na anunuaye mmoja humtuma mnasaji akanase wengine kumi. Mwenye kutaka sauti ya ndege nyumbani apande mpera, au mstafeli, au aache kichaka kidogo pembeni mwa ua kisifyekwe. Watakuja wenyewe, na wataondoka wakipenda.

Na mgonjwa wa kitandani, au mwenye kukaa ghorofani katikati ya mji asikosikia ila honi, asidhani kuwa mlango huu umefungwa kwake. Wale wa Berlin walisikilizishwa sauti zilizorikodiwa, si ndege wenyewe. Kadhalika huko Boulder, katika jimbo la Colorado, mwaka 2020 zilitolewa khabari za wataalamu waliovificha vipaza sauti kando ya njia za matembezi, wakawa wakivifungua na kuvizima kwa zamu; waliopita wakati wa sauti zile walijiona wema zaidi, ingawa si kwa kiasi kikubwa. Basi kijana mwenye ujuzi wa simu amrikodie bibi yake aliyelala hospitali sauti za alfajiri za mtaa wao wenyewe. Atawatambua ndege wake. Na katika mambo ya zumari na vinanda wanavyuoni wana maneno marefu, lakini juu ya shore bado hatujamsikia anayegomba.

Kwa mama aliyetuandikia, shauri letu ni hili. Wiki hii mpeleke kijana kwa daktari, baba yake afuatane naye, wala asiende kama mkosaji. Kisha mpelekeni kwa bibi, siku saba au kumi. Asilazimishwe kusikiliza ndege, kwani raha ya kuamriwa haiji. Apewe tu kazi ndogo ya nje ya saa hiyo, kama kuwafungulia kuku au kuchota maji, na simu ibaki ndani mpaka jua litoke. Akirudi mjini aendelee na dakika zake kumi barazani baada ya swala. Apewe pia bakuli pana la maji la kuweka uani kwa ndege, kina chake kisizidi vidole viwili ili wadogo wasizame, na maji yabadilishwe kila siku ili mbu wasizae humo. Liwekwe mbali kidogo na ukuta anapojificha paka.

Barua mbili zilizosalia, moja juu ya mirathi ya mjane na moja juu ya watoto kula kabla ya kwenda chuoni, tutazijibu mwezi ujao, inshaallah.